Aegina kwa siku moja: mwongozo kamili wa kwenda na kurudi kwa meli kutoka Piraeus

Ukibakiwa na siku moja huru Athens na roho inataka kisiwa, iache Santorini. Picha zake zimejaa kwenye simu za watu, lakini meli ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hutumia takriban saa 7 au 8 kufika huko, na hapo bado hujarudi. Kisiwa cha kwenda asubuhi na kurudi jioni kitafute katika Ghuba ya Saronic, bahari iliyo mbele ya Athens yenyewe. Mimi mgeni wangu humpeleka Aegina. Hydra ni kizuri mno na hakina magari, ila kiko mbali zaidi, nauli yake ni kubwa, na ukishatembea bandarini unaanza kupanda ngazi mpaka magoti yachoke. Agistri ni kidogo kweli na kina maji ya kuogelea ya kupendeza, lakini zaidi ya kuogelea hakuna mengi. Aegina ina eneo la kilomita za mraba 87 hivi, na ndani yake kuna hekalu la miaka 2,500, mji wa kale uliohamwa juu ya kilima, kaburi la mtakatifu anayewagusa Waorthodoksi wa Afrika kwa njia ya pekee, soko la samaki, na mashamba ya pistachio, zile kokwa za kutafuna. Na safari yenyewe ni fupi kuliko ile ya Dar es Salaam hadi Unguja.

Mawakala wa utalii watakuuzia pia safari ya visiwa vitatu kwa siku moja: Hydra, Poros na Aegina, chakula na muziki juu ya meli. Anayetaka kukaa melini siku nzima atafurahi. Anayetaka kuona kisiwa atashushwa, atapewa muda mfupi, kisha ataitwa arudi. Kata tiketi ya meli ya kawaida, siku iwe yako.

Anza na meli ya kurudi

Watu wengi hupanga safari kuanzia asubuhi: naamka saa ngapi, napanda meli gani, nafika saa ngapi. Kwa safari ya siku moja, panga kinyume chake. Kwanza tafuta meli ya mwisho inayotoka Aegina kwenda Piraeus siku hiyo. Kisha chagua inayotangulia hiyo ya mwisho, na hiyo ndiyo meli yako. Ya mwisho ibaki akiba. Ukishajua saa ya kuondoka, toa nusu saa ya kuwa gatini mapema, toa saa 2 za kula na kutembea mjini, na muda unaobaki ndio wa kwenda hekaluni na kilimani. Kwa hesabu hiyo utajua kama unaweza kuona vyote au uchague.

Ratiba hubadilika kwa majira. Kati ya Juni na Septemba meli ni nyingi tangu alfajiri hadi jioni; kuanzia Novemba hupungua, na boti za kasi huacha kutembea mapema zaidi kuliko meli kubwa. Kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe yako, usitegemee aliyokupa rafiki aliyekwenda Agosti. Siku pia ni muhimu. Aegina ndicho kisiwa cha watu wa Athens wenyewe: Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi wanakwenda, Jumapili jioni wanarudi wote kwa pamoja. Ukiweza, nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ikiwa ni lazima iwe Jumapili, nunua tiketi ya kurudi siku kadhaa kabla. Siku za kazi unaweza kununua kwenye kibanda cha gatini asubuhi hiyohiyo bila wasiwasi.

Kuhusu majira, Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba ndizo nyakati bora. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara na kilimani hakuna kivuli. Aprili bahari bado ni baridi kwa mtu aliyezoea maji ya Bahari ya Hindi. Septemba imeshapata joto la kiangazi kizima, na ndio wakati pistachio mpya zinapoingia sokoni.

Karatasi, na saa zinazochanganya

Ugiriki iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen kuingia nchini. Ukishaingia, safari ya Aegina ni ya ndani ya nchi: hakuna uhamiaji bandarini wala muhuri. Hata hivyo beba pasipoti, au kibali cha ukaazi kama unaishi Ulaya. Jina huandikwa kwenye tiketi, na polisi wanaweza kumsimamisha mtu barabarani au kituoni kumwuliza karatasi zake. Sisi Waafrika tunajua nani husimamishwa zaidi. Ukiwa na karatasi mfukoni, mazungumzo huwa mafupi.

Tiketi huandikwa kwa saa 24. 07:30 ni saa 1 na nusu asubuhi kwa hesabu yetu, 18:15 ni saa 12 na robo jioni. Unapopokea tiketi ya kurudi, igeuze kwa saa ya Kiswahili palepale na umwambie mwenzako kwa sauti, muwe mmesikia saa moja ileile. Majira ya kiangazi Ugiriki na Afrika Mashariki ni saa sawa kabisa. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi Ugiriki iko nyuma kwa saa 1.

Meli kubwa au boti ya kasi

Kuna aina mbili za chombo. Meli kubwa inayobeba na magari hutumia takriban saa 1 na robo. Boti ya kasi hutumia takriban dakika 40; nyingi zinajulikana kwa jina la Flying Dolphin, na zina mabawa chini ya maji yanayoinua mwili wa boti zinapokimbia. Kwa bajeti, weka euro 10 hadi 15 kwa meli kubwa kila upande, na karibu euro 20 kwa boti ya kasi.

Ushauri wangu ni kwenda kwa meli kubwa. Boti ya kasi inakufungia ndani kama basi, unatazama bahari kupitia kioo chenye chumvi. Meli kubwa ina sitaha ya juu, upepo, kahawa, na njia yote unaona meli za mizigo zilizotia nanga zikingoja zamu ya Piraeus, nyuma yako Athens ikipungua. Mwenye kichefuchefu cha bahari naye ana heri kwenye meli kubwa, akae katikati ya chombo, chini kidogo. Boti ya kasi ina faida mbili: inakuongezea zaidi ya nusu saa kisiwani, na jioni ukiwa umechoka ni njia ya haraka ya kurudi. Kwenda kwa meli na kurudi kwa boti ni mchanganyiko mzuri, ilimradi ujue ni tiketi mbili tofauti na pengine kampuni mbili tofauti, kwa hiyo moja haitambuliwi na nyingine.

Jambo moja la kukagua kabla ya kulipa: Aegina ina bandari zaidi ya moja. Baadhi ya vyombo huenda Souvala, kaskazini mwa kisiwa, au Agia Marina, mashariki. Unayoitaka ni bandari ya mji wenyewe, iliyoandikwa Aegina tu. Kwa Kigiriki ni ΑΙΓΙΝΑ, na spika za melini zitatamka karibu na "Eyina". Sikiliza vizuri, kwa sababu meli nyingi hazikomei hapo. Zinaendelea Agistri, Methana au Poros, na aliyelala atapelekwa nazo.

Asubuhi: kufika Piraeus na kupanda

Kutoka katikati ya Athens njia rahisi ni metro. Laini ya kijani kutoka Monastiraki au Omonia hufika Piraeus kwa chini ya nusu saa. Laini ya bluu nayo inafika Piraeus tangu Oktoba 2022, na hiyo ndiyo inayotoka uwanja wa ndege, kwa hiyo hata mtu aliyetua asubuhi anaweza kwenda bandarini bila kubadili treni. Usiku na alfajiri sana kuna basi X96 kutoka uwanja wa ndege hadi Piraeus. Ndani ya metro, hasa laini ya kijani, weka begi mbele ya kifua na simu mfuko wa ndani. Wezi wa mifukoni wanaijua njia hiyo, na wanapenda pale mlangoni ambapo watu wanasukumana.

Piraeus ni bandari kubwa na milango yake ina namba kuanzia E1. Vyombo vya Saronic kwa kawaida hutoka E8, ambayo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha metro, bandari ikiwa upande wako wa kulia. Kagua mlango ulioandikwa kwenye tiketi, kwa sababu ukijikuta E1 au E2, mnakoondoka meli za visiwa vya mbali, uko upande mwingine kabisa wa bandari na miguu haitakuokoa. Fika nusu saa kabla. Ukinunua tiketi hapo, vibanda vya kampuni viko ukingoni mwa gati. Watoto wadogo chini ya miaka 5 kwa kawaida hawalipi, lakini lazima wakatiwe tiketi yao, hivyo wataje.

Meli kubwa hupandwa kwa nyuma, kwenye lile daraja la chuma linaloshushwa gatini, magari na watu pamoja. Pita pembeni, mshike mtoto mkono, usisimame katikati kupiga picha malori yakirudi kinyumenyume. Ndani utapanda ngazi hadi vyumba vya abiria. Kwenye meli kubwa za njia hii kwa kawaida hakuna kiti chenye jina lako. Anayewahi ndiye anayekaa juu upande wa kivuli.

Meli haingoji. Wagiriki wana utulivu katika mambo mengi, lakini lile daraja la chuma hupandishwa kwa dakika iliyoandikwa.

Kushuka: robo saa ya kwanza

Utaona kikanisa cheupe cha Agios Nikolaos, mlinzi wa mabaharia, kwenye gati la kuingilia bandari. Ukishashuka utavutwa na mikahawa iliyopangana mbele ya maji. Pinga mvuto huo kwa dakika chache. Geuka kushoto, tembea hadi kituo cha mabasi kilicho karibu na gati, na fanya mambo matatu: piga picha ratiba iliyobandikwa, nunua tiketi za basi kwenye kibanda kabla ya kupanda, na uliza basi la mwisho kutoka hekaluni kurudi mjini ni saa ngapi. Hapo ndipo ukanywe kahawa.

Kukodi pikipiki au gari dogo inawezekana, ila hakikisha leseni yako inakubalika. Mtu mwenye leseni ya nje ya Ulaya huombwa ya kimataifa. Barabara ni nyembamba na zina kona. Mkiwa watu watatu au wanne, teksi kutoka bandarini ni nafuu kuliko inavyoonekana mkigawana, na inawaokoa na kungoja basi. Patana bei kabla ya kuingia, na mpatane pia kama atawafuata au mtarudi wenyewe.

Njia moja ya basi, vituo vitatu

Uzuri wa Aegina kwa msafiri wa siku moja ni huu: basi linalokwenda Agia Marina linapita monasteri ya Agios Nektarios na hekalu la Aphaia. Karibu na monasteri ndipo pia ulipo mji wa kale wa Paleochora. Vitu vitatu vikubwa vya kisiwa viko kwenye uzi mmoja. Panda hadi hekaluni kwanza, ambako ni mbali zaidi, kilomita 12 hivi, halafu rudi ukishuka njiani.

*Hekalu la Aphaia.* Lilijengwa karibu na mwaka 500 kabla ya Kristo, juu ya kilima chenye misonobari, bahari ikionekana pande zote mbili. Aphaia alikuwa mungu wa kike wa kisiwa hiki tu, aliyehusishwa na Britomartis wa Crete, msichana aliyemkimbia mfalme Minos akatoweka. Nguzo za nje zilikuwa 32, na nyingi bado zimesimama. Zitazame kwa utulivu. Karibu zote zimechongwa kwa jiwe moja zima kutoka chini hadi juu. Tatu tu, upande wa kaskazini, zimeundwa kwa vipande vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Wanaochunguza majengo ya kale wanaona kwamba pengo hilo liliachwa wazi ili mafundi wapitishe mawe ya ndani, kisha likazibwa mwishoni. Mimi huona hapo kazi ya fundi waziwazi kuliko kwenye jengo lolote la Athens: jengo limekwisha miaka 2,500 iliyopita, na bado unaona mlango walioutumia kuingizia mawe. Ndani pia kuna safu za nguzo ndogo za ghorofa mbili, jambo ambalo halikubaki katika mahekalu mengi.

Mawe unayoyaona ya rangi ya udongo hayakuwa wazi hivyo. Ni mawe ya chokaa ya kisiwani yaliyopakwa plasta na kutiwa rangi. Na paani, kwenye pembetatu za mbele na nyuma, kulikuwa na sanamu za mashujaa wakipigana Troy, mungu Athena akiwa katikati. Hizo hazipo. Mwaka 1811, Ugiriki ikiwa bado chini ya Waturuki wa Dola ya Osmani, kundi la wasafiri wa Kiingereza na Kijerumani lilizichimbua na kuzitoa nchini. Zikanadiwa, akazinunua Ludwig, mwana wa mfalme wa Bavaria, na mpaka leo ziko katika jumba la Glyptothek, Munich. Anayetoka kwenye nchi ambayo urithi wake uko kwenye makumbusho ya Ulaya ataelewa haraka anachokiona akisimama mbele ya jengo hili lisilo na sanamu zake.

Jipe saa nzima hapo. Kuna kiingilio, wenye vitambulisho vya mwanafunzi waulize punguzo. Wakati wa baridi sehemu hizi hufungwa mapema mchana, hivyo angalia saa zake kabla hujatoka Athens. Maji beba, kofia vaa.

*Monasteri ya Agios Nektarios.* Iko kilomita 6 hivi kutoka mjini, na kanisa lake kubwa huwezi kulikosa. Nektarios alizaliwa mwaka 1846 huko Silivri, Uturuki ya leo, akapelekwa Misri, na mwaka 1889 akawekwa kuwa askofu wa Pentapolis chini ya Patriaki wa Alexandria. Watu walimpenda mno, na wivu ukafuata: alisingiziwa, na mwaka 1890 akaondolewa Misri bila hata kusikilizwa. Akaishi Athens akifundisha makasisi, kisha akajenga nyumba hii ya watawa Aegina na kuishi hapa kuanzia 1908 kama kasisi wa kawaida wa kijijini, akilima bustani kwa mikono yake. Alifariki Novemba 1920, akatangazwa mtakatifu mwaka 1961. Mwaka 1998 Patriaki Petros VII wa Alexandria aliomba radhi kwa niaba ya kiti chake kwa yale aliyotendewa.

Patriaki wa Alexandria ndiye mkuu wa Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki Afrika yote, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania. Waliosomea seminari ya Riruta, Nairobi, wako chini ya kiti kilekile kilichomfukuza Nektarios na kuja kumwomba msamaha. Ndiyo maana kwa Mworthodoksi wa kwetu hapa pana uzito wa kifamilia. Hata usipokuwa Mworthodoksi, ingia kwa heshima. Utaona watu wakiinama na kuweka sikio juu ya kaburi lake la marumaru; husema wanasikia mlio kutoka ndani. Usiwacheke wala usiwapige picha.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa wote. Hapa kanga mbili nyepesi kwenye begi zina kazi kubwa, moja ya kujifunga kiunoni na moja ya mabegani, na mchana zilezile utazitandika ufukweni. Ukipanga safari karibu na tarehe 9 Novemba, sikukuu yake, jua kwamba maelfu ya mahujaji hufika na meli hujaa.

*Paleochora.* Kutoka monasteri tazama kilima cha pili: kimejaa vikanisa vya mawe vilivyotawanyika bila nyumba. Hapo ndipo ulipokuwa mji mkuu wa kisiwa kwa karibu miaka 1,000. Tangu karne ya 9 watu walikimbia pwani kwa kuogopa maharamia wakajenga huku, mahali pasipoonekana kutoka baharini. Haikuwasaidia daima: mwaka 1537 Barbarossa, amiri wa Osmani, aliuteka na kuwachukua watu utumwani. Mji ulijengwa tena, ukakaliwa mpaka miaka ya 1820, bahari ilipokuwa salama na watu wakateremka. Nyumba zilibomolewa na kuanguka, makanisa yakaachwa, na leo yamebaki zaidi ya 30, baadhi yakiwa na michoro ukutani.

Kwenda huko ni bure, ila ni kupanda. Vaa viatu vya kufungwa, njia ni ya mawe yaliyolegea, na hakuna duka. Ukikuta mlango umefungwa kwa komeo tu, fungua, ingia, kisha ufunge tena ili mbuzi wasiingie. Julai na Agosti, kama umefika hapa mchana, paache. Napapenda kuliko mahali pengine popote kisiwani, na bado nakwambia upaache. Jua la saa 8 mchana juu ya mawe yale limewadhoofisha watu wenye afya zao.

Mchana: samaki, pistachio, na bahari

Ukirudi mjini, ipite mikahawa ya mbele na uingie nyuma ya barabara ya bandari, upande wa kulia ukitazama mji, kwenye soko la samaki. Ni kichochoro kifupi. Wauza samaki katikati, na pembeni meza za migahawa midogo inayochoma kinachouzwa hapo. Agiza pweza wa kuchoma kwa mkaa na sahani ya samaki wadogo wa kukaanga, saladi na mkate. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, kwa hiyo omba apimwe na utajiwe bei kabla hajawekwa motoni. Ni jambo la kawaida, hakuna atakayeudhika.

Kwa Waislamu: samaki na mboga ndizo salama. Kuku na nyama za migahawa ya hapa si za kuchinjwa kihalali isipokuwa mwenye duka akuambie vinginevyo, na mishikaki ya Ugiriki mara nyingi ni ya nguruwe. Neno la kusikiliza ni "hirino". Mvinyo pia huingia kwenye baadhi ya mapishi ya pweza, kwa hiyo mwombe wa kuchoma tu.

Pistachio za Aegina zinalindwa kisheria na Umoja wa Ulaya, kwa maana kwamba jina hilo haliwezi kuwekwa kwenye pistachio za mahali pengine. Zimelimwa hapa kwa wingi tangu karne ya 19, na ile miti mifupi yenye matawi mapana uliyoiona ukiwa kwenye basi ndiyo yenyewe. Huvunwa kuanzia katikati ya Agosti. Nunua kwenye kibanda cha ushirika wa wakulima kilicho bandarini au dukani, na uonje kabla. Zilizokaushwa bila kukaangwa zina utamu wake wa asili; za chumvi ni za kutafuna melini. Kuna pia siagi ya pistachio na pasteli, ambayo ni kashata yake kwa asali. Si rahisi kwa bei, lakini robo kilo inatosha kupeleka nyumbani. Kwenye maji utaona pia mashua zilizofungwa gatini zinazouza matunda na mboga. Chukua parachichi ukizikuta, au zabibu za safarini.

Ukibakiwa na saa moja, una chaguo mbili. Dakika 10 kwa miguu kaskazini mwa bandari iko Kolona, kilima chenye nguzo moja tu iliyosalia ya hekalu la Apollo, pamoja na makumbusho madogo. Kisiwa hiki kilikuwa tajiri kabla ya Athens kupata nguvu. Fedha zake za kale zenye picha ya kasa zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza za Ugiriki, na Pericles, kiongozi wa Athens ya kale, aliona uwepo wake unaudhi kiasi cha kuuita tongotongo kwenye jicho la Piraeus. Mwaka 431 kabla ya Kristo Athens iliwafukuza wakazi wake wote. Kisha mwaka 1828 historia ikageuka: Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa Ugiriki huru, aliapishwa hapa, na mji huu mdogo ukawa makao ya serikali kabla ya kuhamia Nafplio.

Chaguo la pili ni kuogelea. Karibu na Kolona kuna ufukwe mdogo, na hauhitaji usafiri. Agia Marina una mchanga na maji mafupi yanayofaa watoto. Kama una familia, shuka huko moja kwa moja baada ya hekalu na usahau Paleochora. Kijiji cha Perdika, kusini, kina migahawa mizuri ya samaki na mashua za kwenda kisiwa kidogo cha Moni, wanakozurura tausi na kulungu, lakini kiko kwenye njia nyingine ya basi. Perdika na hekalu kwa siku moja haviendi pamoja bila teksi. Chagua.

Fedha na mambo madogo

Euro 70 kwa mtu mzima zinatosha: nauli za meli kubwa kwenda na kurudi, mabasi, kiingilio, chakula kizuri cha samaki na pakiti ya pistachio. Kadi hupokelewa karibu kila mahali. Beba euro 20 taslimu kwa basi, mashua ya mboga na kanisani. Maji ya chupa ni rahisi, nunua, usinywe ya bomba. Chooni karatasi hutupwa kwenye ndoo, si kwenye shimo, kwa sababu mabomba ni membamba. "Kalimera" ni salamu ya asubuhi, "efharisto" ni asante, na ukiyatumia haya mawili wazee watakuonyesha njia hata kama hamna lugha nyingine ya pamoja.

Upepo, mgomo, na kurudi

Vitu viwili huweza kukuzuia. Cha kwanza ni upepo. Julai na Agosti huvuma meltemi kutoka kaskazini, na majira ya baridi kuna dhoruba. Mamlaka ya bandari hupima kwa kipimo cha Beaufort. Upepo ukipanda, boti za kasi husimamishwa kwanza, meli kubwa huendelea mpaka hali iwe mbaya zaidi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuipenda meli kubwa. Cha pili ni mgomo wa mabaharia, ambao hutangazwa kabla. Mei Mosi usipange safari ya meli kabisa. Chombo kikifutwa na kampuni, una haki ya kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine, hivyo usitupe tiketi.

Siku ya safari, asubuhi angalia utabiri wa upepo wa jioni, si wa asubuhi. Ukiona upepo unapanda kuanzia mchana, rudi na meli ya saa 9 au 10. Jioni kuwa gatini dakika 20 hadi 30 kabla, na uangalie jina la chombo lililoandikwa ubavuni, kwa sababu vyombo vinavyokwenda Agistri na vinavyokwenda Piraeus, ΠΕΙΡΑΙΑΣ, hutia gatini kwa kufuatana, na foleni zake huchanganyika.

Ikitokea umekosa meli yako, usikimbilie kulia. Nenda kwenye kibanda cha kampuni ukaulize kama tiketi inaweza kuhamishiwa chombo kinachofuata. Kama haiwezi, nunua mpya. Kama ilikuwa ya mwisho kabisa, kuna vyumba vya kulala nyuma tu ya bandari, vinavyopatikana bila shida isipokuwa Agosti na mwisho wa juma, na meli ya kwanza huondoka alfajiri pamoja na wafanyakazi wanaokwenda kazini Athens. Mwenye ndege asubuhi inayofuata asijiweke kwenye bahati hiyo: arudi mchana.